Louis XVI, Directoire au Empire: ukiwa na hela ya fanicha moja tu ya kale ya Kifaransa uchukue ipi

Shemeji yangu anayeishi Brussels kanitumia picha tatu wasap saa tano usiku, komodi tatu, yaani yale makabati mafupi ya droo yanayokaa ukutani, zote zina marumaru juu, zote muuzaji kasema ni za kale za Kifaransa, ila bei sasa, moja euro 3,800 ingine 1,100 ingine 2,600. Anauliza shem nichukue ipi. Mi kazi yangu hapa Paris ni kuhamisha vitu vya watu, miaka kumi na moja nabeba tu, na nyumba za marehemu tunasafisha sana, kwa hiyo hizi fanicha nazijua kwa tumboni kuliko usoni, maana anayebeba ndo anaona chini. Nikaanza kumjibu kwa voisi nikaona inafika dakika ishirini, bora niandike.

Kwanza tuwekane sawa na majina. Louis XVI, mfalme wa Ufaransa, ametawala 1774 mpaka 1792 ila mtindo unaobeba jina lake ulishaanza miaka ya 1760, watu walikuwa wameanza kuchimba Herculaneum mwaka 1738 na Pompeii 1748, ile miji ya Warumi iliyofunikwa na volkano, wakubwa wa Paris wakachoka na vitu vya kupindapinda vya Louis XV wakataka mistari iliyonyooka kama hekalu. Directoire ni ile serikali ya 1795 hadi 1799 baada ya mapinduzi, hela hamna, mbwembwe hamna, mtindo ukawa mwepesi. Halafu Napoleon, utawala wake wa kwanza mpaka 1804 (wenyewe wanaita Consulat) kisha ufalme wake hadi 1815, hiyo ndo Empire. Zote tatu ni watoto wa baba mmoja, Ugiriki na Roma, ndo maana ukiangalia haraka zinakuchanganya.

Sasa kabla hata hujafika kwenye mtindo kuna neno moja kwenye risiti linalozidi yote haya. Ufaransa kuna amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981, inasema muuzaji akiandika "époque Louis XVI" amekuhakikishia kitu kimetengenezwa kipindi hicho kweli, na kama kuna sehemu imeongezwa baadaye lazima akwambie. Akiandika "style Louis XVI" hajakuhakikishia kitu, inaweza ikawa ya 1880, inaweza ikawa ya juzi. Na ukidai risiti yenye maelezo hayo anatakiwa akupe. Mimi nimeona mzee mmoja anaongea nusu saa nzima kuhusu Marie-Antoinette, mke wa Louis XVI, mikono inaruka, machozi karibu yatoke, tulipomwambia haya andika époque hapo kwenye karatasi akaanza kutafuta miwani. Miwani alikuwa kaivaa.

Ila usije ukadhani "style" ni tusi. Mke wa Napoleon III (mtoto wa ndugu yake Napoleon, alitawala baadaye), Eugénie, alikuwa anampenda Marie-Antoinette kupita kiasi, kuanzia miaka ya 1850 karakana za Paris zikaanza kunakili vitu vya Louis XVI na hawakuacha mpaka karne iliyofuata, na baadhi ya hao waliokuwa wananakili, Henry Dasson, Alfred Beurdeley, François Linke, ukipata kitu chao orijino kinaweza kukuzidi bei komodi ya kawaida ya karne ya 18. Kwa hiyo nakala zipo za daraja, kuna za mafundi wakubwa na kuna za kiwanda za kujaza mahoteli. Za kiwanda minadani mikoani zinaondoka kwa mamia machache tu ya euro, na kama unataka tu kitu kizuri cha sebuleni hiyo ni bei halali kabisa, shida ni ukiilipia kama ya mfalme.

Haya miguu, maana mguu ndo unasema kabla ya mdomo. Louis XVI mguu umenyooka, mara nyingi wa mviringo, unapungua kwenda chini, una mifereji midogo imechongwa wima kama nguzo ya hekalu, na pale juu mguu unapokutana na fremu kuna kijiboksi cha mraba chenye ua limechongwa ndani, hicho kijiboksi ukikizoea hutakosea tena. Directoire kiti chake mguu wa nyuma unapinda kama jambia, na mgongo wa kiti unajiviringa kwenda nyuma kama karatasi iliyoachwa juani. Empire sasa ndo makucha ya simba, vichwa vya wanawake wa Misri, mabawa, komodi ina nguzo mbili pembeni zimesimama kama walinzi na yote imekaa kwenye msingi bapa, nzito, mtu mwenye nyumba ndogo anaonekana mgeni kwake mwenyewe. Hayo ya Misri yalishika kasi baada ya Napoleon kupeleka jeshi kule 1798.

Viti vya Louis XVI vina mgongo wa duara la yai au wa mraba, na kuna kitu watu wengi hawajui, vingi vilipakwa rangi, kijivu au nyeupe, au dhahabu, mbao ya chini ni bichi au mjozi, miti ya Ulaya. Hivi vya mbao tupu vinavyong'aa vanishi ulivyozoea kuona mara nyingi ni watu wa baadaye walikwangua. Ukikuta kiti kina mabaki ya rangi ya zamani kwenye kona, matabaka matabaka, usimruhusu mtu akisugue, hiyo ndo hela yenyewe.

Mbao nayo ina stori. Komodi za Louis XVI za kifahari zina vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao inayobandikwa juu, za rangi mbili tatu, ile mbao ya waridi na amaranti ya zambarau, zimekatwa vipande na kupangwa maua au miraba, ila kuelekea miaka ya 1780 mahogani tupu bila maua ikawa ndo fasheni. Empire ni mahogani tu, shiti kubwa lenye mawimbi kama moto, ilikuwa inatoka Saint-Domingue, Haiti ya leo, na Cuba, mti kwa miaka mingi ulikatwa na watumwa, hili huwa hawaliandiki kwenye kikadi cha bei. Halafu 1806 Napoleon akafunga biashara na Waingereza, meli za Waingereza nazo zikabana bahari, mahogani ikaadimika, mafundi wakarudi kwenye mjozi na mbao zingine za nyumbani. Kwa hiyo Empire ya mbao ya kienyeji sio lazima iwe feki, ila ukiona mbao nyeupenyeupe zenye mistari ya mbao nyeusi kaa ukijua mara nyingi hiyo ni ya baada ya Napoleon, enzi za Charles X, 1824 hadi 1830, na hizo kwa maoni yangu ni nzuri na hazijapewa heshima yake. Kingine, mahogani ya Afrika Magharibi, ndugu yake mkangazi wetu, ilianza kumiminika Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo mtaalamu akikwambia mbao ni ya Afrika na muuzaji anasema Napoleon alikuwa hai, mmoja anakosea na sio mbao.

Bronzi, yaani yale mapambo ya shaba yanayopigiliwa kwenye mbao. Zamani walikuwa wanachanganya dhahabu na zebaki, wanapaka, wanachoma, zebaki inaruka hewani dhahabu inabaki, na mafundi walikuwa wanakufa nayo kweli. Matokeo yake sehemu zingine zimefifia kama vumbi la dhahabu na zingine zimesuguliwa zikang'aa, kwenye kitu kimoja. Miaka ya 1840 ikaja ya umeme, rangi moja kila sehemu, njano bapa, kama pete ya mtaani. Louis XVI bronzi zake ni za kike kidogo nisamehe kusema hivo, shanga, riboni, vishada vya maua. Empire chache ila kubwa, zimekaa katikati ya mahogani tupu kama beji ya jeshi, malaika wa ushindi, bata maji, nyuki, taji la majani. Na hapa ndo Empire inachezewa sana kuliko mwenzake: komodi ya kawaida ya 1820 isiyo na kitu inanunuliwa bei chee, inapigiliwa bronzi kumi, kesho ni ya Napoleon. Omba ruhusa wafungue bronzi moja kwa bisibisi. Mbao ya nyuma yake inatakiwa iwe na kivuli cha umbo lake, maana haikupigwa jua miaka mia mbili, na matundu yawe yale yale tu. Kukiwa na matundu matatu ya bure hayana kazi, kuna kitu kingine kilikaa hapo. Muuzaji akikataa kufungua nayo ni jibu.

Sasa tumbo. Hapa ndo nakomaa, hizo zingine utajifunza kwenye picha.

Toa droo zote, ziweke chini, washa tochi, lala. Usione aibu, mimi nalala sakafuni na suruali ya kazi watu wanapita na kahawa zao. Kazi ya Paris ya karne ya 18 ndani ni mwaloni, mbao za ndani hazikupakwa rangi, zimekauka zina rangi ya kijivu-kahawia isiyo sawa, pale mikono ilipokuwa inashika kumekolea pale isipofika kumepauka. Ikiwa rangi ni moja kila mahali, hata kwenye kona ambayo kidole hakifiki, mtu kapaka maji ya ganda la mjozi jana. Pitisha kiganja kwenye mbao ya nyuma, randa ya mkono inaacha mawimbi madogo unayasikia kabla hujayaona. Alama za msumeno zikiwa mistari iliyonyooka isiyolingana, sawa, zikiwa nusu duara nusu duara ni mashine ya duara, karne ya 19 imeshaanza kitambo. Kona za droo yale meno yanayoshikana yanatakiwa yatofautiane upana kidogo, na unaweza ukaona mkwaruzo mwembamba fundi alipochora mstari kabla ya kukata. Vinia ya mkono ni nene, milimita mbili au zaidi, iangalie pale ilipobanduka kwenye ukingo, ile ya mashine ni kama karatasi ya kalenda.

Skrubu, chomoa moja. Za zamani zimetengenezwa moja moja, mfereji wa kichwani hauko katikati, ncha ni butu. Ncha kali kama ya dukani ni ya kuanzia katikati ya karne ya 19. Skrubu moja mpya sio kesi, bawaba zinabadilishwa, skrubu zote mpya ndo kesi.

Marumaru inue (watu wawili tafadhali), chini yake kwenye karne ya 18 kumeachwa na makovu ya patasi, kukiwa laini kama kioo pande zote mbili imekatwa na mashine na labda ni jiwe la kubadilishwa tu, inapunguza bei haiui kitu. Meza ya duara chukua tepu pima pande mbili, mbao inasinyaa upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo baada ya miaka mia mbili duara linakuwa yai kidogo. Duara kamili, maswali. Na matundu ya bungua, mdudu anatoboa anatoka, kwa hiyo unatakiwa kuona vitundu tu kama vya sindano, ukiona vifereji virefu viko wazi juu ya mbao maana yake ile mbao ilishaliwa zamani ndo ikaja kukatwa upya kutengeneza hicho kitu. Hiyo ndo mbao ya kale fanicha ya leo, na ndo feki ngumu kuliko zote.

Mhuri sasa, maana wote wanakimbilia mhuri. Chama cha mafundi cha Paris kilitoa kanuni 1743 kila fundi mkuu apige jina lake kwenye kazi, ikashika 1751, na herufi JME ni mhuri wa wakaguzi wa chama. Chama kikafutwa 1791. Kwa hiyo JME kwenye Empire ni sawa na leseni ya gari ya babu aliyekufa kabla ya gari. Kukosa mhuri hakumaanishi feki, aliyekuwa anafanyia kazi ya mfalme hakulazimika na wa mikoani kanuni haikumhusu. Na kuwa nao hakumaanishi orijino, chuma cha kugonga jina Riesener, fundi maarufu wa mfalme, kinatengenezeka tu. Wa kusaidia kweli ni ukoo wa Jacob: Georges Jacob baba ni wa viti vya Louis XVI, watoto wake walipiga JACOB FRERES RUE MESLEE kati ya 1796 na 1803, halafu ikawa JACOB.D.R.MESLEE 1803 hadi 1813, yaani mhuri wenyewe unakupa Directoire au Empire bila kubishana.

Ila ujinga usikusumbue ukidanganywa, maana hata Versailles walidanganywa. Walinunua viti vya "Louis XVI na wenzake" vilivyotengenezwa na watu wawili wa enzi zetu, mmoja alikuwa ndo bingwa wa kutambua viti vya karne ya 18, ikalipuka 2016, kesi ikasikilizwa Pontoise 2025 wakakutwa na hatia. Na sababu stori ya "hiki kilitoka Versailles" haiishi ni kwamba kweli vilitoka, wanamapinduzi walipiga mnada vitu vya ikulu kuanzia Agosti 1793 karibu mwaka mzima, zaidi ya mafungu (loti) 17,000. Vilitawanyika dunia nzima, kwa hiyo kila muuzaji ana kimoja.

Wapi pa kununua. Saint-Ouen, soko la kaskazini mwa Paris, wikiendi na Jumatatu, bei ya juu ila unashika, unalala chini, unarudi Jumatatu jioni mtu kachoka bei inashuka, na risiti anakupa mtu ana duka, hahami. Mnada, Drouot pale Paris au wa mikoani, bei ya nyundo inaonekana tamu ila ongeza ada ya mnunuzi, hesabu robo nzima au hata 30 kwa mia juu yake, watu wanasahau hii wanalia kaunta. Uzuri wake kuna siku ya kuangalia kabla, na mambo yakiharibika una miaka mitano tangu siku ya mnada kudai. Mtandaoni kwa picha tu, mi sinunui hata stuli. Na kabla ya popote nenda makumbusho ya Nissim de Camondo kule Paris, nyumba ya tajiri mmoja aliyeiachia nchi na vitu vyake vyote vya karne ya 18, ilifunguliwa 1936 (ilifungwa 2024 kwa ukarabati, uliza kwanza kama iko wazi), saa mbili pale jicho linajua mguu halali unavyokaa.

Kwa hiyo ipi. Una sebule ndogo na hela ya wastani, Directoire ya mkoani, mjozi au mcheri, haina bronzi ya kumvutia mlaghai, bei bado iko chini na haijachezewa kwa sababu hailipi kuichezea. Unataka viti vya kukalia kila siku, Louis XVI, vyepesi na vinakaa na kitu chochote, hata na kiti cha enzi cha Lamu ukikiweka pembeni havigombani. Una dari refu na kuta tupu, au una ofisi ya kutishia watu, Empire. Na ukitaka kupeleka Dar au Mombasa fikiria mara mbili, gundi ya zamani ni ya ngozi za wanyama, joto na unyevu wa pwani vinailegeza, vinia zinainuka kama chapati, kiti cha mbao nzima kinavumilia ila komodi ya nakshi itakulilia. Na kama kuna kipande cha pembe ya ndovu hata kwenye tundu la ufunguo, usipakie kontena bila vibali.

Sasa zile picha tatu. Nikamwambia shemeji aende na tochi apige picha za chini. Ya 3,800, Louis XVI, JME imegongwa mara mbili safi kama juzi, skrubu zote ncha kali, nakala ya mwisho wa karne ya 19, nzuri, sio ya bei hiyo. Ya 1,100 Directoire ya mjozi, mwaloni ndani, mawimbi ya randa, marumaru imevunjika ikaungwa, muuzaji kaandika époque bila kuombwa. Ya 2,600 Empire, malaika wawili wa bronzi, nyuma yao matundu sita hayana kazi. Nikamjibu neno moja, ya pili.

Kanunua ya Empire. Anasema malaika wanaendana na mapazia. Jumamosi natakiwa Brussels nikaipandishe ghorofa ya nne, lifti haipo, nimeshamwambia asiguse marumaru mpaka nifike, maana jiwe hilo linabebwa limesimama kama kioo cha dirisha, ukililaza linakatika kwa uzito wake lenyewe ngazi ya pili tu.